Unyende ni Uzi

Mwezi uliopita nilipata kibarua cha kuandika maandishi ya chini ya skrini kwa video ya harusi iliyopigwa hapa Takaungu. Video ndefu, malipo kiduchu, makataa kesho asubuhi. Ndio maisha ya mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili akidhani kalamu itamlisha. Bwana harusi anaingia, wanawake wanaachia vigelegele, spika za laptopu yangu nusura zipasuke. Nikaandika hivyo: vigelegele. Video iliporudi kutoka kwa mteja, mstari ule ulikuwa umebadilishwa. Sasa ulisema wanawake wanapiga mayowe.

Mayowe! Bwana harusi yuko mlangoni na mtaa mzima unaomba msaada.

Nilimwonyesha mama mwenye nyumba ninayopanga. Akasoma polepole, akanirudishia simu. "Kwani nyumba imeshika moto?"

Ningeweza kumlaumu mteja nikalala. Lakini nikikumbuka hadithi nilizosoma miaka hii miwili mitatu, zikiwemo mbili tatu zangu, naona ugonjwa ni wetu sote. Mhusika akiona nyoka, mayowe. Akiona maiti, mayowe. Timu ikifunga bao, mayowe tena. Na hii ni lugha yenye unyende, ukwenzi, ukemi, ukelele, usiyahi, nduru na kigelegele. Tunaandika kama mtu mwenye kabati la nguo anayevaa fulana moja wiki nzima.

Hebu yapange maneno hayo mstarini uyatazame. Mengi yanaanza na u-. Hiyo si u- ya uzuri au utu, ambayo haina wingi. Hii ina wingi wake: unyende, nyende, ukwenzi, kwenzi, ukemi, kemi, ukelele, kelele. Sasa weka kando yake uzi na nyuzi, unywele na nywele, ufa na nyufa, ukucha na kucha, ulimi na ndimi. Ngeli hii imejaa vitu virefu na vyembamba. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuuita mlio mkali kwa u- aliusikia jinsi unavyoupapasa uzi gizani: kitu kimoja, chembamba, kinachonyooka kutoka koo moja hadi pumzi iishe. Na kelele, ambazo tumezoea kuziona kama jambo moja, ni sauti nyingi za watu wengi zilizorundikana, kama nywele kichwani. Umoja wake umesahaulika kabisa. Ukitafuta ukelele mtandaoni utaletewa kigitaa cha Hawaii. Angalau nacho kina nyuzi.

Lililonishangaza zaidi ni usiyahi. Hilo lina asili ya Kiarabu, siyahi, kupaza sauti, na kwao halina u-. Takaungu ni mahali pazuri pa kuwaza safari ya neno kama hilo. Wamazrui walihamia hapa baada ya Seyyid Said kuwanyang'anya Mombasa mwaka 1837. Wakawakuta Wamijikenda, na mashamba yao yakalimwa na watumwa walioletwa kutoka mbali kusini. Sisemi neno liliingilia bandari hii. Nasema katika miji ya namna hii, neno la mgeni halikuachwa livae lilivyokuja. Siyahi ilipopokewa ilivikwa u- ikaketi na unyende na ukwenzi, kwa sababu sikio la Mswahili lilikuwa limeshaamua mlio mkali una umbo gani.

Nduru ni habari nyingine. Ndiyo utakayoisikia zaidi ukipanda basi kwenda Nairobi, na Waluo wanayo vilevile, hata kitenzi ni kilekile: goyo nduru, kupiga nduru.

Yowe sasa. Yowe halina u-. Ni yowe, mayowe, kundi moja na jiwe na mawe, jambo na mambo. Ni kitu kinene. Nilimuuliza mama mwenye nyumba tofauti yake na unyende. Hakunipa maana, alinipa kisa. Zamani mtoto aliteleza kule hori, penye mashua za kuvukia, maji yakijaa. Mamake alitoa unyende mmoja tu, kisha sauti ikakatika, akabaki ameshika kichwa. Aliyepiga yowe ni jirani, mwanamke aliyekuwa akianua nguo, ambaye hakumwona hata huyo mtoto. Aliusikia ule unyende, akajua. Yowe lake ndilo lililowatoa wanaume msikitini wakateremka mbio.

"Unyende humtoka mtu," akasema. "Yowe hupigiwa watu."

Mtoto alitolewa hai. Ndiye huyo anayeniuzia mahamri asubuhi.

Mwandishi angeandika kisa hiki kwa mayowe mawili, na nusu ya kisa ingekufa hapo: yule mama ambaye hakuweza kuomba msaada, na mwingine aliyeuomba kwa niaba yake.

Kigelegele nacho kinajieleza chenyewe. Gele-gele. Neno linajirudia kwa sababu ulimi unajirudia, unaipiga sauti huku na huku kabla haijatoka. Unyende haukatwi, unakwenda moja kwa moja. Ndiyo maana ukiwa nyumba ya tatu, bila kuona chochote, unajua kama utoke na leso ya kucheza au utoke peku. Kiingereza kinaita kigelegele kwa neno lililotokana na kitenzi cha Kilatini ululare, ambacho Warumi walikitumia kwa mbwamwitu wanaolia usiku na kwa wanawake wanaoomboleza. Mteja wangu ana wazee wa kuwalaumu.

Nilirudisha vigelegele. Akaniuliza kwa nini, nikamwandikia aya tatu, akajibu kwamba hakuwa ameomba insha. Video ilitoka wiki jana. Bwana harusi anaingia na chini yake pameandikwa vigelegele, bila mabano wala tafsiri. Mia tano nilikatwa kwa kuchelewesha kazi.