Saisi Aliyepotea: Kazi na Umiliki katika Riwaya za Farasi za Watoto wa Uingereza

Historia ya riwaya za farasi kwa watoto huanzishwa, karibu kila mara, na Black Beauty ya Anna Sewell (1877), kisha huteremshwa moja kwa moja hadi kwenye hadithi za wasichana na farasi wao zilizoenea Uingereza kuanzia miaka ya 1930. Makala haya yanapinga nasaba hiyo. Yanadai kwamba waandishi waliofuata walirithi machozi ya Sewell bila kurithi mada yake, na kwamba aliyepotea njiani ni binadamu: saisi, dereva wa gari la kukodi, kijana wa kufagia zizi. Mshauri wa sera anayeamua kitabu kipi kitafsiriwe kwa Kiswahili kwa ajili ya shule anahitaji kujua kuwa vitabu vinavyokaa rafu moja havisemi jambo moja.

Sewell alizaliwa Great Yarmouth mwaka 1820 katika madhehebu ya Quaker, ambayo wasomaji wa Kenya ya magharibi huyafahamu kwa jina la Marafiki. Akiwa na umri wa miaka 14 aliumia vifundo vya miguu, na tangu hapo alitegemea farasi katika safari zake. Kitabu chake pekee alikiandika kati ya 1871 na 1877 huku afya ikimwishia. Hati aliiuza kwa kampuni ya Jarrold kwa pauni 40, akafariki mwaka 1878. Hakukikusudia kiwe cha watoto. Alikusudia kisomwe na watu wanaofanya kazi na farasi, na matini yenyewe inathibitisha: maelezo ya hatamu ya kukaza shingo, inayomlazimisha farasi kuinua kichwa kwa ajili ya urembo hata anapopanda mlima na mzigo, ni maelezo ya mtu anayezungumza na mtunza farasi kuhusu chombo cha kazi.

Sehemu ya London ndiyo kiini cha riwaya, ingawa wahakiki wengi huipita haraka ili wafike kwenye kifo cha Ginger. Jerry Barker, dereva mwema, anaugua kifua baada ya kusubirishwa usiku wa baridi na mabwana wanaocheza karata. Mzito zaidi ni Sam, dereva asiyemiliki gari wala farasi, ambaye kila siku sharti amlipe mwenye mali kabla ya kupata chochote cha kwake. Msomaji wa Dar es Salaam atalitambua jambo hili bila tanbihi: ni hesabu ya bodaboda. Sam anamchosha farasi kwa sababu nyumbani kuna mke na watoto, na Sewell, aliyeandika ili kutetea wanyama, anamwachia nafasi ya kujitetea mpaka mwisho. Katika usimulizi huu ukatili hautoki moyoni peke yake. Unatoka pia katika mkataba.

Kufikia mwaka 1929, Golden Gorse alipotoa Moorland Mousie, farasi bado ndiye aliyesimulia. Mwaka huohuo chama cha Pony Club kilianzishwa Uingereza, na injini zilikuwa zimekwisha kuwaondoa farasi wengi barabarani. Kisha, katika A Pony for Jean ya Joanna Cannan (1936), nafsi ya kwanza inahamia kwa msichana. Hilo si badiliko dogo la mtindo. Farasi aliyekuwa mfanyakazi anayesema sasa ni mali inayosemewa, hata kama anayemsemea anampenda. Binti watatu wa Cannan, Josephine, Diana na Christine Pullein-Thompson, waliendeleza utanzu huo kwa vitabu vingi mno.

Hata hivyo, wanaoudharau utanzu huu kuwa mchezo wa watoto wa matajiri wanakosea. Jean anatoka katika familia iliyopoteza fedha, na farasi anayepewa ni yule aliyekonda asiyetakiwa na binamu zake. Jill, shujaa wa Ruby Ferguson katika mfululizo ulioanza mwaka 1949, analelewa na mama mjane anayeishi kwa kalamu, na bei ya kila kitu huhesabiwa. Wasichana hawa wanafagia zizi wenyewe, na utu wao unajengwa na kazi hiyo. Tatizo ni kwamba kazi imegeuzwa kuwa malezi ya mwenye mali. Anayeifanya kwa ujira amesogezwa pembeni mwa ukurasa.

K. M. Peyton ndiye aliyemrudisha. Katika Flambards (1967) Christina, yatima aliyechukuliwa na mjomba mpenda uwindaji, anamwomba saisi Dick amwokoe farasi jike Sweetbriar asichinjwe kuwa chakula cha mbwa. Farasi anaokoka, Dick anafukuzwa kazi, na nyumbani ana mama mgonjwa. Huruma ya msichana imelipiwa na mtu asiye na akiba. Hakuna ukurasa mwingine katika utanzu huu unaouliza kwa ukali hivyo gharama ya wema.

Swali hilo si geni katika Kiswahili. Kisa cha punda wa dobi, kilichomo katika mkusanyiko wa Edward Steere wa mwaka 1870, kinamhusu mnyama wa mizigo aliyemtoroka bwana wake, na punda wa Lamu wangali wanabeba mchanga na mawe ya ujenzi. Msamiati nao upo: saisi, seruji, lijamu, hatamu. Kwa hiyo, kama ni kitabu kimoja tu kitakachogharimiwa, Sewell anastahili kutangulia, na toleo la kufupisha litakaloiacha sura ya Sam lisikubaliwe.

Mfasiri atakabiliwa na ugumu mmoja. Kiingereza huweza kumtaja mnyama kwa kiwakilishi cha vitu, na kwa hiyo farasi anayesema “mimi” huweza kumshtua msomaji. Kwa Kiswahili farasi hupatanishwa na vitenzi kama mtu. Analala, anaumwa, anakufa. Mshtuko huo wa kisarufi hautavuka, na uzito wote utaangukia kwenye mazungumzo ya madereva kituoni, ambayo itabidi yaandikwe kwa lugha ya vijiwe vya leo.