Rangi au Langi? Uhakiki wa Upimaji wa Stadi za Kusoma na Kuandika kwa Watu Wazima: Mfano wa Soko la Owino, Kampala

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna tunavyopima stadi za msingi za kusoma na kuandika kwa watu wazima wanaoishi katika mazingira ya lugha nyingi. Hoja kuu ni kwamba jaribio linalohesabu makosa ya tahajia bila kuyaeleza hushindwa kumtofautisha asiyejua kusoma na yule anayesoma kwa kanuni za lugha nyingine. Hata hivyo, makala yanapinga pia dai kwamba ustadi wa sokoni unatosha na hauhitaji kupimwa.

Utangulizi

Soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo wakazi wa Kampala huliita Owino, liko jirani na uwanja wa Nakivubo. Jina lake rasmi linamkumbuka Yosefu Mukasa Balikuddembe, shahidi wa Uganda aliyeuawa mwaka 1885. Hapa mitumba huuzwa kwa Kiganda, hupatanwa bei kwa Kiswahili na mteja atokaye Kongo au Sudan Kusini, na stakabadhi huandikwa kwa Kiingereza.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kusahihisha majaribio ya darasa dogo la kisomo la wafanyabiashara wa soko hilo. Jaribio lilikuwa la Kiswahili, na sehemu moja ilikuwa imla ya maneno kumi. Mama mmoja, muuza mashati, aliandika "langi" palipotakiwa "rangi", "ssaati" palipotakiwa "shati", na "caayi" palipotakiwa "chai". Nilifuata mwongozo nikampa sifuri kwa kila neno. Alipopokea karatasi yake aliniwekea kidole juu ya neno la kwanza.

"Mwalimu, hapa umesoma nini?"

"Rangi, mama."

"Kumbe umesoma."

Sikuwa na jibu. Kwa alama hizo alirudishwa katika kundi la wanaoanza irabu. Alihudhuria majuma mawili, kisha hakuonekana tena. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Kuuliza na kutahini

Mwaka 1958 UNESCO ilimfafanua ajuaye kusoma na kuandika kuwa ni mtu awezaye kusoma na kuandika, kwa kuelewa, maelezo mafupi na mepesi kuhusu maisha yake ya kila siku. Fasili hiyo haikutaja lugha. Sensa za Uganda nazo zimefuata njia hiyo: hukubali kusoma na kuandika kwa kuelewa katika lugha yoyote. Udhaifu wa sensa unafahamika. Mtu mmoja huwajibia wengine wa kaya, na aibu au majivuno huweza kugeuza jibu. Lakini katika suala la lugha, sensa ina haki kuliko jaribio langu. Sensa ingemhesabu mama yule miongoni mwa wajuao kusoma, ilhali mimi nilimhesabu miongoni mwa wasiojua. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni chombo cha kumpimia.

Kutahini moja kwa moja hakuondoi tatizo hili, kwa kuwa kila jaribio lina mstari wa kufaulu uliochorwa na mtu. Tanzania ilipoendesha majaribio ya kitaifa ya kisomo mwaka 1975, iliwapanga wanakisomo katika hatua nne, na waliofikia hatua ya tatu na ya nne ndio waliohesabiwa kuwa wamefuzu. Kenya ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa kisomo cha watu wazima mwaka 2006. Asilimia 61.5 walifikia kiwango cha chini cha kujua kusoma na kuandika, lakini ni asilimia 29.6 tu waliofikia kiwango cha umahiri kilichotarajiwa. Nchi ileile, mwaka uleule, ina takwimu mbili, moja ikiwa ni zaidi ya maradufu ya nyingine. Sifa ya tafiti hizi ni kwamba zilionyesha ngazi. Jaribio lenye jibu la "amefaulu" au "ameshindwa" huficha ngazi hizo, na mwalimu hubaki hajui aanzie wapi kufundisha.

Kosa linasema nini?

Turudi kwenye imla. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, chini ya Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930. Tahajia sanifu ya Kiganda iliafikiwa mwaka 1947. Mifumo hii miwili hutumia herufi za Kirumi, lakini haifuati kanuni moja. Katika Kiganda, sauti za /l/ na /r/ hazitofautishi maana: "r" huandikwa baada ya irabu "e" na "i", na kwingineko huandikwa "l". Neno la asili ya Kiganda halianzi kwa "r". Sauti ambayo Kiswahili huiandika "ch", Kiganda huiandika "c". Irabu ndefu huandikwa mara mbili, na konsonanti nzito vilevile. Neno la Kiganda la shati ni "essaati", la chai ni "caayi", na la rangi ni "langi".

Kwa hiyo mama yule hakukosea ovyo. Alisikia neno, akaligawa katika silabi, akaipa kila sauti herufi yake, tena kwa kanuni isiyoyumba. Hiyo ndiyo stadi ambayo imla inadai kuipima. Mwanafunzi asiyeijua stadi hiyo huacha irabu, hugeuza mfuatano wa herufi, au huandika herufi ya kwanza kisha akakwama. Mwongozo wangu ulizipa karatasi zote mbili sifuri. Wa kwanza alihitaji somo fupi kuhusu tofauti za tahajia, wa pili alihitaji miezi ya mazoezi ya silabi.

Tusilisifu soko kupita kiasi

Yapo mawazo yanayoelekea upande mwingine kabisa. Mwaka 1981 Scribner na Cole walichapisha utafiti wao kuhusu Wavai wa Liberia, wanaotumia hati yao wenyewe, Kiarabu na Kiingereza. Walionyesha kuwa kila aina ya kisomo huambatana na stadi zake mahususi. Brian Street, mwaka 1984, alipinga wazo kwamba kusoma ni ufundi mmoja usiofungamana na jamii. Nakubaliana nao. Lakini baadhi yetu tumeyachukua mawazo haya tukahitimisha kwamba muuzaji anayetunza daftari la madeni tayari ni msomaji kamili, na kumtahini ni kumdhalilisha.

Hitimisho hilo lina hatari. Mwenye daftari huyajua yaliyomo kabla hajalifungua. Jina la mdaiwa na kiasi anachodaiwa vimo kichwani, na maandishi humkumbusha tu. Kusoma mkataba wa mkopo ulioandikwa na mtu mwingine, kwa maneno asiyoyategemea, ni kazi tofauti. Anayeweka dole gumba chini ya mkataba asioweza kuusoma anaweza kupoteza kibanda chake, na sifa zetu za kitaaluma hazitamrudishia. Ni lazima apimwe, na apimwe kwa matini asiyoijua.

Hitimisho na mapendekezo

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, karatasi ya mtahini iwe na safu mbili: moja ya kuonyesha kama neno linasomeka na sauti zake zimewakilishwa, na nyingine ya kuonyesha kama limefuata tahajia sanifu. Pili, mtahiniwa aulizwe kwanza ni lugha gani aliyojifunzia kusoma, na apewe kifungu kifupi katika lugha hiyo kabla ya kile cha Kiswahili. Tatu, matini ya kusoma iwe mpya kwake lakini ya aina anayokutana nayo: tangazo la ushuru, ujumbe wa fedha kwa simu, sharti moja la mkopo. Haya yatagharimu muda, na watahini watahitaji kufahamu walau kanuni za msingi za tahajia ya lugha ya watahiniwa. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kumrudisha msomaji kwenye irabu.

Jambo hili linatuhusu sisi wanataaluma wa Kiswahili hasa. Marekebisho ya katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia utekelezaji. Watu wazima watakaofanya majaribio ya Kiswahili nchini humo wengi watakuwa wamejifunza kusoma kwa Kiganda, Kiacholi, Kinyankole au lugha nyingine. Miongozo ya usahihishaji itaandikwa na watu kama sisi. Tukiiandika kana kwamba kila mtahiniwa anakishika kitabu kwa mara ya kwanza, tutawapoteza wengi kama nilivyompoteza mama yule, ambaye kwa neno "langi" alistahili alama ya kusomeka, na kando yake maelezo mafupi kwamba kwa Kiswahili neno hilo huanza kwa "r".