Utambulisho na Huruma katika Kufundisha Maangamizi ya Wayahudi: Uhakiki wa Mkabala kwa Kuzingatia Bukoba na Muleba

Mkabala unaofundisha Maangamizi ya Wayahudi kwa kuanzia na utambulisho humtaka kila mwanafunzi aandike yeye ni nani: jina, dini, lugha, ukoo. Baadaye husoma habari za mtu mmoja, mara nyingi Anne Frank, ili idadi ya watu milioni sita ipate sura. Kwa madarasa ya Bukoba na Muleba, manufaa yake ni dhahiri. Mtoto wa Kihaya hurithi oluganda na mwiko wake kwa baba; hahitaji maelezo marefu ili aelewe kwamba sheria za Nuremberg za mwaka 1935 zilimhesabu mtu kuwa Myahudi kwa kuwatazama babu na bibi zake, hata kama mwenyewe alikuwa Mkristo. Istilahi "mauaji ya kimbari" nayo imejengwa juu ya neno mbari, yaani ukoo.

Kasoro ya mkabala huu ni kudhani kwamba swali "wewe ni nani?" halina hatari. Mkoani Kagera swali hilo lina historia. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa maelfu ya watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu, wakiwamo walioishi nchini kwa miongo kadhaa. Kufukuzwa si kuangamizwa, na mwalimu asiyatie mawili hayo katika mizani moja. Lakini mwanafunzi ambaye bibi yake alizaliwa ng'ambo ya mpaka, akitakiwa kutaja asili yake mbele ya wenzake, hugharimia somo la wengine.

Ni heri kuanza na karatasi kuliko kuanza na mtoto. Zipo pasipoti za Wayahudi wa Ujerumani zilizopigwa herufi J kuanzia mwaka 1938. Kipo pia kitambulisho cha Rwanda kilichotaja kabila, kilicholetwa na utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930 na kukaguliwa vizuizini mwaka 1994. Nani aliandika neno lile? Kwa ushahidi gani? Jirani alifanya nini? Huruma inayotokana na maswali hayo ina maarifa ndani yake, ilhali mwanafunzi anayefumba macho na kujidhania yumo Auschwitz huambulia woga wake mwenyewe tu.

Tena ushahidi uko karibu. Maiti za mwaka 1994 ziliteremka na mto Kagera hadi Ziwa Victoria, kaskazini ya Bukoba. Nyingi zilizikwa Kasensero, upande wa Uganda, na makaburi yapo hadi leo.