Al-Inkishafi Mbele ya Magofu ya Chula

Al-Inkishafi huingia madarasani mwetu ikiwa imekwisha kukatiwa hukumu. Mwanafunzi huambiwa kwamba utenzi huu unathibitisha ubatili wa dunia na ukuu wa Mungu. Naye huyaandika hayo katika karatasi ya mtihani, akapewa alama zake. Katika makala haya nakusudia kuuliza kama kweli utenzi huu unathibitisha lolote, na kama hauthibitishi, basi unafanya kazi gani. Ili swali lisibaki kuwa la vitabuni tu, nitausoma nikikikumbuka kisiwa cha Chula, katika visiwa vya Wabajuni vilivyotandazwa kusini mwa Kismayo kuelekea mpaka wa Kenya.

Mtunzi wake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliitazama Pate ambayo fahari yake ilikuwa imekwisha kuporomoka. Alichagua ubeti wa mishororo minne yenye mizani kumi kumi. Mitatu ya kwanza hukubaliana kina, na wa nne hubeba kina kimoja kinachodumu tangu mwanzo hadi mwisho wa utenzi. Kwa hiyo kila ubeti hurejea pale pale, kama mtu arudiaye swali lile lile kwa kuwa hajajibiwa. Fani hapa si pambo. Ndiyo inayobeba wasiwasi wa mtunzi.

Anatuonyesha nini? Majumba yaliyokuwa na taa na vyombo vya thamani, ambamo sasa popo wananing'inia na ndege wametaga katika zidaka. Waliokuwa wakijivuna humo wamo kaburini. Hoja ya namna hii ina asili yake. Kurani huwaita watu watembee katika ardhi wautazame mwisho wa waliotangulia, na neno aya kwa Kiarabu maana yake ni ishara. Lakini tuwe waangalifu. Gofu hushuhudia jambo moja tu, kwamba mwenye nyumba hayupo. Kutoka katika ukuta uliobomoka mpaka kwa Muumba kuna mwendo mrefu, na utenzi haukujenga daraja la kuuvuka. Sisi walimu ndio tunaolijenga kwa mahubiri yetu, kisha tukadai kwamba ni la mtunzi.

Mtunzi mwenyewe hakuhitaji daraja hilo, maana hakuwa na shaka na Mungu. Shaka yake ni juu ya moyo wake, moyo unaojua na usitende. Huuita, huukemea, huubembeleza. Tuulinganishe na riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974. Kazimoto ni msomi. Akili yake inataka sababu ya kuwako kwa Mungu na maana ya maisha, isiipate, na mwisho anajiua. Wanafunzi hudhani vitabu hivi viwili vinabishana. Mimi naona tofauti iko kizimbani. Katika Kichwamaji, anayeshtakiwa ni Mungu pamoja na ulimwengu wake. Katika Al-Inkishafi anayeshtakiwa ni yule yule anayesema.

Sasa twende Chula. Msomaji wa huko huikuta Al-Inkishafi katika lahaja iliyo jirani na Kibajuni chake. Magofu nayo si mageni katika visiwa vyake. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichapisha mwaka 1969 taarifa ya uchunguzi wake wa mabaki ya kale katika pwani hiyo ya kusini ya Somalia. Lakini baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991, vita viliwafikia Wabajuni wasiokuwa na jeshi. Waliporwa, wakauawa, na wengi wakakimbilia Kenya kwa vyombo vya baharini. Nyumba nyingi zikabaki bila watu. Hawa hawakuwa mamwinyi wa Pate wenye kulala juu ya vitanda vya fahari. Walikuwa wavuvi.

Hapo ndipo tafsiri yetu ya darasani inapopasuka. Ikiwa nyumba tupu ya Pate ni ishara ya kiburi kilichopatilizwa, nyumba tupu ya mvuvi wa Chula ni ishara ya nini? Mwenye kuuliza hivyo si kafiri wala mtundu. Anauliza swali ambalo utenzi haukulijibu, kwa kuwa mtunzi alitazama kazi ya mauti na dahari, hakutazama kazi ya bunduki. Tena naona kwamba sehemu ya mwisho, inayozitaja adhabu za Jahanamu moja baada ya moja, ina nguvu kidogo kuliko ile ya magofu. Magofu yalifungua swali. Hofu inalifunga kabla halijakomaa.

Hata hivyo siutupi utenzi. Mtunzi hakusimama juu ya makaburi akawahukumu waliomo. Aliwalilia, kisha akaugeukia moyo wake. Akisomwa hivyo, mtu wa Chula hapati burhani ya kuwako kwa Mungu wala hatia ya wazee wake. Anapata mwenzi wa maombolezo. Na Kiswahili kina hekima yake hapa: shahidi ni aliyekuwapo, aliyeona kwa macho yake. Al-Inkishafi ni ushahidi wa namna hiyo, wa mtu aliyeona na moyo wake ukatikisika. Ushahidi huo haumlazimishi mwingine kuamini.

Ndugu walimu, tuache kuuliza mtihanini utenzi huu unathibitisha nini. Tuulize mtunzi aliona nini, na aliyaonaje. Mwanafunzi akijibu kwamba ameyatazama magofu yale yale naye bado ana shaka, tuisome hoja yake kwa makini, na akiijenga vizuri, tumpe alama zake.