Methali kama Kipimo cha Akili: Uhakiki wa Dhana ya «Fikra Yakinifu» katika Skizofrenia

Miongoni mwa maswali ambayo daktari wa magonjwa ya akili humwuliza mgonjwa, moja ni la fasihi simulizi: methali hii ina maana gani? «Paka akiondoka, panya hutawala.» Ajibuye kwa kutaja paka na panya tu huandikiwa kwamba fikra zake zimenasa katika vitu vionekanavyo, ajibuye kwamba walio chini hujiachia mkubwa asipokuwapo, huhesabiwa kuwa na uwezo wa kudhania.

Desturi hiyo ina nasaba yake. Eugen Bleuler, tabibu wa Uswisi aliyelitoa jina la skizofrenia mwaka 1908, aliona kiini cha ugonjwa katika kulegea kwa viungo vya mawazo. Mwaka 1934 Vygotsky alidai kwamba ugonjwa huo hubomoa uundaji wa dhana na kumrudisha mtu kwenye namna za kuwaza zitanguliazo ujana. Kurt Goldstein, aliyekuwa amewachunguza askari waliojeruhiwa ubongo katika Vita Kuu ya Kwanza, alishikilia jozi ya yakini na dhahania. Katika kitabu kilichohaririwa na Kasanin mwaka 1944, John Benjamin aliitetea methali kama chombo cha uchunguzi, na mwaka 1956 Donald Gorham akatunga kipimo chenye alama.

Hoja hizo zina uzito, wala si haki kuzitupa. Walakini kipimo chenyewe kina kasoro ya kifasihi kabla ya ile ya kitabibu. Methali hainenwi hewani. Husemwa na fulani, kwa fulani, penye tukio. «Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe»: mwenye nyumba akiisema kwa kicheko humfanya mgeni kuwa mwenyeji, akiisema kwa kununa humfukuza. Ipi ndiyo maana «dhahania»? Tena jembe si ganda la kutupwa ili kiini kibaki. Katika kaya ya wakulima, jembe analopewa mgeni ni jembe kwelikweli. Walega wa mashariki ya Kongo wamelidhihirisha jambo hilo vizuri kuliko vitabu vingi: katika kamba yao ya mutanga hutungikwa vitu vidogo, kila kimoja na methali yake. Anayekitazama kitu hajashindwa kuwaza.

Lugha nayo ina deni lake. Mgonjwa wa Lubumbashi akiulizwa «Asiyesikia la mkuu huvunjika guu», huenda akasimama penye «guu», kwa kuwa yeye husema muguu. Umbo hilo limewekwa pale ili vina vipatane na «mkuu». Je, anayeuliza habari za mguu ameshindwa kudhania, au amekutana na neno geni? Karatasi ya alama haina mahali pa kuandika tofauti hiyo, ilhali neno litakaloandikwa laweza kumfuata mgonjwa miaka mingi.

Alexander Luria alipokwenda Uzbekistan mwaka 1931 na 1932, wakulima wasiosoma walikataa kukisia rangi ya dubu wa kaskazini ambao hawakuwahi kuwaona. Wakashauri waulizwe walioshuhudia. Walikuwa wazima. Jibu lilelile, likitoka kinywani mwa mgonjwa, lingeitwa dalili. Nancy Andreasen naye alionesha mwaka 1977 kwamba wapimaji wenyewe hawakubaliani vya kutosha juu ya majibu ya methali.

Hitilafu kubwa zaidi imo katika jozi yenyewe. Norman Cameron alieleza, mwishoni mwa miaka ya 1930, wagonjwa ambao shida yao haikuwa uhaba wa ujumla bali wingi wake: dhana zao hazina ua, kila jambo laingia. Mtu wa namna hiyo, akiulizwa juu ya paka na panya, aweza kujibu kwa habari za mamlaka, ulimwengu na umilele. Hapo udhahania umezidi. Kilichopungua ni kumjali msikilizaji. Eilhard von Domarus, katika kitabu kilekile cha 1944, alidai kwamba mgonjwa huvisawazisha vitu viwili kwa sababu ya sifa moja vinayoshiriki. Mwanafunzi wa fasihi ataitambua njia hiyo mara moja: ndiyo istiara. Mshairi amwitaye shujaa simba hupita papo hapo, ila yeye anaijua njia ya kurudi, na hadhira inajua kwamba anaijua. Kuhusu njia hiyo ya kurudi, kipimo cha methali hakiulizi kitu.

Swali lifaalo zaidi kwa Kiswahili lingekuwa: ni nani amwambiaye nani methali hii, na kumetokea nini? Atakayejibu kwa kisa kinachoeleweka amedhihirisha dhana, hata asipotamka neno moja la kijumla. Atakayetoa kisa kisichoshikika atampa daktari habari nyingi kuliko alama ya sifuri. Naye atakayekitafsiri kipimo cha Kizungu asiridhike na kupata methali inayolingana kamusini; aulize kwanza kama inasemwa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani, na husemwa lini.