Nani mlanguzi, nani mfanyabiashara? Lugha ya habari katika kisa cha Griner

MWAKA wa 2022 niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri zoezi nililolidhania kuwa jepesi. Niliwaletea aya moja ya habari ya Kiingereza kuhusu Brittney Griner, mchezaji wa mpira wa vikapu kutoka Marekani aliyekuwa akizuiliwa nchini Urusi, nikawataka waiandike kwa Kiswahili cha gazeti. Aya hiyo ilieleza kwamba serikali ya Marekani ilikuwa imetangaza rasmi kuwa mwanamichezo huyo alizuiliwa pasipo haki. Karibu darasa zima liliandika: ‘amezuiliwa kimakosa’.

Nikawauliza, “Kimakosa vipi? Ina maana askari walimtafuta mtu mwingine wakamshika yeye?” Darasa likaangua kicheko. Msichana mmoja aliyeketi nyuma hakucheka. Akasema, “Lakini Prof, si ndivyo wanavyosema kwenye habari?”

Sikumjibu vizuri siku ile. Nilisema tu kwamba habari nazo hukosea, kisha kengele ikaniokoa. Leo naomba nimjibu, maana swali lake lina uzito kuliko nilivyolipa.

Kwanza tukumbushane kisa chenyewe. Griner, mwenye kimo cha sentimita 206 na wakati huo medali mbili za dhahabu za Olimpiki, alikamatwa Februari 17, 2022 katika uwanja wa ndege wa Sheremetyevo jijini Moscow. Katika mizigo yake maafisa wa forodha walipata vichupa vya sigara ya kielektroniki vyenye mafuta ya bangi, yote kwa jumla gramu 0.702. Siku saba baadaye, Urusi ikaivamia Ukraine. Mnamo Julai 7 alikiri mashtaka, ila akaieleza mahakama kwamba alipakia mizigo kwa haraka na hakuwa na nia ya kuvunja sheria. Agosti 4 akahukumiwa kifungo cha miaka 9. Novemba alihamishiwa gereza la Yavas katika eneo la Mordovia, na Desemba 8 akabadilishwa na Mrusi Viktor Bout katika uwanja wa ndege wa Abu Dhabi.

Turudi sasa kwa neno ‘kimakosa’. Katika Kiswahili, jambo likifanywa kimakosa, aliyelifanya hakukusudia. Ukichukua mwavuli wa jirani kimakosa, unaurudisha na kuomba radhi, yakaisha. Marekani haikudai kwamba Urusi ilipitiwa. Ilidai kinyume kabisa, kwamba Urusi ilijua inachofanya. Kwa hiyo mfasiri anayeandika ‘kimakosa’ amemwondolea mshtakiwa mmoja lawama bila kujua, na mshtakiwa huyo ni dola. Tuna ‘isivyo haki’, tuna ‘pasipo haki’, tuna ‘kwa dhuluma’. Maneno hayo hayana uhaba sokoni.

Hata hivyo, kuna hatari ya pili, nayo ndiyo kubwa zaidi. Kauli hiyo ya Marekani, iliyotolewa Mei 2022, ilikuwa hatua ya kiserikali yenye msingi katika sheria waliyoipitisha mwaka wa 2020. Mtu akishapewa sifa hiyo, faili yake huhamia kwa mjumbe maalumu wa rais anayeshughulikia masuala ya mateka. Yaani lile ni neno la upande mmoja wa mvutano. Moscow kwa upande wake ilishikilia kuwa hii ni kesi ya kawaida ya jinai. Mwandishi wa Nairobi asiye wakili wa yeyote kati yao alipaswa kuandika ‘anazuiliwa’, kisha aeleze kwamba Marekani inasema amezuiliwa pasipo haki na kwamba Urusi inakana. Kinyume chake ni kumeza neno la mwenzako na kulitema kama lako. Mimi binafsi naamini hukumu ya miaka 9 kwa chini ya gramu moja ilikuwa dhuluma. Lakini hayo ni maoni yangu na mahali pake ni katika safu kama hii. Hayafai kupenyezwa ndani ya kitenzi cha habari.

Kinachoniudhi zaidi ni jozi nyingine ya maneno. Moja ya makosa aliyohukumiwa Griner ni kuingiza dawa za kulevya nchini humo kwa magendo. Kosa la aina hiyo hapa kwetu huitwa ‘ulanguzi wa mihadarati’, na anayetiwa hatiani nalo huitwa mlanguzi. Na yule aliyebadilishwa naye? Waziri mmoja wa Uingereza alimbandika lakabu ambayo kwa Kiswahili tunaifasiri ‘Mfanyabiashara wa Kifo’. Lakabu ikiondolewa, anabaki kuwa ‘mfanyabiashara wa silaha’.

Ebo! Hebu tuyapime maneno haya mawili kwa mizani ya lugha yenyewe. Kulangua, katika maana yake ya asili, ni kununua bidhaa kwa wingi na kwa bei ya chini ili uje kuziuza ghali. Majirani zetu wa Tanzania bado wanamwita mlanguzi yule anayeficha sukari ghalani akingoja bei ipande. Kenya tukalipanua neno hilo likahusu biashara haramu ya mihadarati na ya binadamu. Ama liwe finyu au pana, ulanguzi haukamiliki pasipo soko. Griner hakuwa na cha kuuza. Alisema mafuta yale aliyatumia kutuliza maumivu, na kiasi chenyewe hakingejaza kijiko cha chai.

Bout je? Ripoti za Umoja wa Mataifa zilimtaja kuwa alisafirisha silaha kwenda Angola, Sierra Leone na Liberia licha ya vikwazo, na ndege zake zikatajwa vilevile katika uchunguzi kuhusu uporaji wa madini ya Kongo. Alikamatwa Bangkok mwaka wa 2008, na mwaka wa 2012 mahakama ya New York ikamfunga miaka 25. Kosa alilofungiwa lilihusu njama ya kuwauzia silaha watu aliodhani ni waasi wa Kolombia. Makaburi ya Afrika hayakuwa sehemu ya kesi ile. Kama kuna mtu aliyestahili kuitwa mlanguzi kwa maana zote mbili, ni huyo. Lakini Kiswahili chetu cha habari kimempa cheo kilekile tunachompa mwenye duka la nguo Eastleigh. Mwenye kichupa ni mlanguzi, mwenye ndege za bunduki ni mfanyabiashara! Na kwa kuwa Waafrika ndio waliopigwa risasi hizo, sisi tulikuwa wa kwanza kupaswa kulishtukia neno hilo.

Kisha kuna suala la jinsia. Kiswahili ni lugha iliyobahatika. Kiambishi ‘a-’ hakiulizi kama mtu ni mume au mke. ‘Alifunga pointi 30’ inatosha kwa yeyote. Lakini kurasa zetu za spoti hazipendi bahati hiyo. Ni lazima mchezaji awe ‘mwanadada’, ‘binti’, au ‘kipusa’. Mtu mzima wa miaka 31, mwenye ndoa yake na kazi yake, anaitwaje binti mbele ya mahakama? Tena neno kipusa kwa asili ni pembe ya kifaru, kitu cha thamani kinachowindwa na kuuzwa kwa siri. Sijui kama wanaolitumia hulikumbuka hilo.

Jinsia ndiyo pia iliyompeleka Urusi. Katika ligi ya wanawake ya Marekani, WNBA, hata nyota mkubwa alilipwa chini ya dola 230,000 kwa mwaka. Klabu ya UMMC Ekaterinburg ilimlipa zaidi ya dola milioni 1 kwa msimu, na alikuwa akiichezea tangu 2014. Wenzake wa kiume katika NBA hupumzika msimu ukiisha. Yeye alikuwa akipanda ndege. Habari nyingi nilizozisoma zilitumia nafasi kubwa kueleza alichobeba na nafasi ndogo kueleza kwa nini alikuwa safarini.

Wapo waliolalamika kwamba vyombo vya habari vilimpuuza kwa kuwa ni mwanamke mweusi. Kocha wake katika timu ya Phoenix Mercury, Vanessa Nygaard, alisema hadharani Julai 2022 kwamba angekuwa ni LeBron James, angekwisha kurejea nyumbani. Siwezi kuthibitisha wala kukanusha hilo. Ila ninachokijua ni kwamba kukamatwa kwake hakukujulikana kwa umma hadi Machi 5, zaidi ya wiki mbili baadaye, na kwamba katika majuma ya mwanzo baadhi ya watu wa karibu walishauri pawepo ukimya. Hofu yao ilikuwa kwamba kelele zingempandisha bei. Baadaye mkondo ukageuka. Kila uwanja wa WNBA msimu huo ukaandikwa sakafuni herufi BG na nambari yake 42.

Je, kelele zilimsaidia au zilimponza? Nadhani zilifanya yote mawili. Zilimfanya Rais wa Marekani ashindwe kumsahau, na pia ziliwaonyesha Warusi wameshika nini mkononi. Tazama upande wa pili. Mwalimu wa Kimarekani, Marc Fogel, alikamatwa katika uwanja uleule wa Sheremetyevo mnamo Agosti 2021, naye akiwa na bangi aliyosema ni ya matibabu. Juni 2022 akahukumiwa miaka 14. Hakuna uwanja ulioandikwa herufi za jina lake. Aliachiliwa Februari 2025, miaka miwili na zaidi baada ya Griner. Simlaumu Griner kwa hilo hata kidogo, wala sisemi alistahili kuozea Yavas ili mizani isawazike. Nasema kwamba umaarufu ulifanya kazi ya haki, na umaarufu hugawiwa kwa ubaguzi kuliko mahakama yoyote.

Picha moja haijanitoka. Ni ya Griner akisikiliza kesi mjini Khimki, amesimama nyuma ya vyuma, kichwa kikikaribia dari. Sisi tuna msemo wa ‘kupandishwa kizimbani’. Umezoeleka hivi kwamba hatukumbuki tena kuwa kizimba ni tundu, kile kibanda cha kufugia kuku. Mahakama zetu zina ukingo wa mbao tu, ndiyo maana neno limekufa ganzi. Kule Khimki lilikuwa hai. Kuna wakati mwandishi hahitaji kivumishi chochote. Neno la kawaida lililotumiwa mahali pake linatosha.

Sasa nije nyumbani. Binti zetu (hapa nalitumia neno hili kama mzazi) wanasafiri kwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Baadhi hunyang’anywa pasipoti, wengine hufungiwa ndani, wengine huishia rumande. Habari zao tunazisoma hivi: ‘Wakenya waliokwama ughaibuni’. Kukwama! Gari hukwama matopeni. Ufunguo hukwama kwenye kufuli. Kitenzi hicho hakina mtendaji: hakuna aliyekwamisha, hakuna wa kuulizwa. Mtu aliyenyang’anywa pasipoti na mwajiri wake hajakwama. Amezuiliwa, na aliyemzuia ana jina na anwani. Pale tulipokuwa tayari kukopa neno zito la Washington kwa ajili ya mgeni, tuliwapa watoto wetu neno la gari bovu.

Hao hawana ligi ya kuandika nambari zao sakafuni. Wakiwa na bahati, wanapata aya nne katika ukurasa wa ndani, na katika aya hizo nne kitenzi ndicho wakili wao wa pekee. Mhariri akikibadilisha kutoka ‘wamekwama’ kuwa ‘wamezuiliwa na waajiri’, msomaji atauliza ni waajiri gani, ubalozi utaulizwa umefanya nini, na wakala aliyewasafirisha atatafutwa. Kazi hiyo haigharimu hata shilingi.

Kwa hivyo, mwanafunzi wangu wa nyuma, ukiwa umeajiriwa sasa katika chumba cha habari kama nilivyosikia, hili ndilo jibu ninalokudai. Ndiyo, ndivyo wanavyosema kwenye habari. Wanasema hivyo kwa kuwa neno la Kiingereza limefika saa kumi na moja jioni na gazeti linakwenda mtamboni saa mbili. Nawaelewa. Lakini kabla hujaliachilia neno, jiulize mambo matatu: ni nani aliyetenda, ni nani anayedai, na je, neno hili ningemwandikia dada yangu? Usipopata jibu, andika ‘anazuiliwa’, taja anayemzuia, halafu uende nyumbani ukalale.