Dume wa Wami na jina lililochelewa

Mwaka 1960 C. F. Hickling alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya Batu Berendam, Malacca, katika taasisi ya utafiti wa ufugaji wa samaki wa nchi za joto. Dume wa perege aliyetoka Zanzibar, akipandishwa kwa jike wa perege wa Java, alizaa vifaranga ambao karibu wote walikuwa madume. Kwa mfugaji wa bwawa hiyo ilikuwa habari kubwa. Perege huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, bwawa hujaa watoto, chakula hugawanyika na wote hudumaa. Madume watupu hawazai, na tena hukua haraka kuliko majike. Hickling aliamini kwamba amechanganya koo mbili za spishi moja, Tilapia mossambica. Haikuwa hivyo. Mwaka 1966 Ethelwynn Trewavas, wa makumbusho ya viumbe ya London, alimtenga samaki yule wa Zanzibar na kumpa jina lake mwenyewe, hornorum. Visiwani alikuwa mgeni tu. Kwao ni mto Wami. Na Wami huanzia wilayani Kilosa: Mkondoa unaopita mjini na Mkata unaokatiza uwanda wa Mikumi hukutana, na baada ya hapo mto hubadilika jina.

Ufundi wa Malacca, basi, ulifanikiwa kabla haujaeleweka, na kilichoukwamisha kueleweka ni jina. Kama wazazi wote wawili ni mossambica, hakuna sababu ya watoto kuwa madume watupu. Wakishatengwa kuwa spishi mbili, swali linapata pa kushika. F. Y. Chen, katika taasisi hiyohiyo, alieleza mwaka 1969 kwamba perege wa Msumbiji, yaani mossambica yule wa Java, hurithi jinsia kama binadamu: jike XX, dume XY. Perege wa Wami hufuata njia ya kuku: dume ndiye mwenye jozi ya kufanana, ZZ, na jike ni WZ. Jike XX akikutana na dume ZZ, kila mtoto ni XZ, naye huwa dume. Geuza wazazi, jike atoke Wami na dume atoke Java, na majike wanarudi. Maelezo hayo hayakumaliza kila fumbo, maana vizazi vya baadaye vilionyesha kwamba jinsia ya perege hutegemea mambo zaidi ya kromosomu mbili. Lakini yalitosha kumpa fundi kanuni: baba awe wa Wami halisi, mama awe wa spishi nyingine halisi, na chotara asirudishwe kamwe kwenye bwawa la wazazi. Brazili walifuata kanuni hiyo miaka ya 1970 kwa kumpandisha hornorum na jike wa sato, yaani Oreochromis niloticus, na kikwazo kilichowasumbua wafugaji kila mahali ni kilekile: damu ya kigeni ikishaingia kwa wazazi, majike huanza kuonekana tena kwenye zao.

Malaysia ndiyo iliyotoa, miaka ya 1990, chotara mwingine wa ukoo huu mpana wa sikilidi: flawahoni, samaki wa mapambo mwenye nundu kwenye paji la uso, ambaye Wachina humwita Luohan. Wazazi wake ni sikilidi wa Amerika ya Kati, na hafugwi kwa ajili ya kitoweo. Ila wafugaji wake wana kitu ambacho wafuga perege hawana, nacho ni msamiati. Nundu wanaiita kok, na wanatofautisha ya maji, laini, na ile ngumu. Madoa meusi yaliyopangana ubavuni ndiyo maua. Vimeta vya magamba ni lulu. Zhen Zhu ni kizazi kinachosifiwa kwa lulu na maua yake; Kamfa ni kizazi kingine, na mnunuzi anayeijua kazi hii anafahamu kwamba madume wengi wa Kamfa hawazalishi, hivyo haulizi uzuri peke yake. Kila neno linabeba taarifa: samaki ametoka wapi, atakuwaje akikomaa, na kama anaweza kuzaa.

Mtu anaweza kusema msamiati huo ni wa wauzaji, na kwamba jina zuri huongeza bei kuliko linavyoongeza maarifa. Kweli kabisa. Hakuna spishi iitwayo Kamfa, na majina mapya huzuka soko linapopoa. Wala msamiati haukuwazuia watu kuwatupa majini samaki waliowachoka: mwaka 2012 watafiti waliripoti flawahoni ndani ya ziwa Matano, Sulawesi, ziwa lenye viumbe wasiopatikana kwingine. Hata hivyo hoja yangu haiangushwi na hilo. Muuzaji akidanganya kuhusu Kamfa, mnunuzi anaweza kumkamata, kwa kuwa neno lina masharti. Hakuna wa kumkamata muuzaji wa “mbegu ya perege”, kwa sababu neno perege halina sharti lolote zaidi ya umbo.

Na hapo ndipo Kilosa inapoingia. Wilaya hii imekalia mabonde mawili. Kaskazini maji huenda Wami, kusini huteremkia Ruaha Mkuu na kuishia Rufiji, ambako anaishi ndugu wa karibu wa hornorum, urolepis, aliyeelezwa na Norman mwaka 1922. Trewavas mwenyewe, mwaka 1983, aliwaunganisha kuwa nususpishi mbili za spishi moja. Juu yao wameongezwa wageni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba sato na mwenzake leucostictus wamesambaa kwenye mabonde mengi ya Tanzania ambako hawakuwa wenyeji, urithi wa miongo ya kupandikiza kwa makusudi. Spishi za Oreochromis, jenasi ya perege hawa wote, huzaliana zenyewe kwa zenyewe bila shida, na ndiyo sababu ya Malacca kuwezekana. Jambo lilelile linalompa fundi chotara wake bwawani ndilo linaloweza kumfuta mzazi mtoni. Na bwawa la Kilosa si tangi la kioo: Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ulibomoa hata reli ya kati, seuze kingo za udongo. Mipaka ya Hifadhi ya Mikumi humzuia mvuvi. Samaki anayeteremka na maji haimzuii.

Pingamizi zito zaidi ni la mfugaji mwenyewe. Leo madume hupatikana kwa njia nyepesi: vifaranga wa sato hulishwa homoni ya kiume wiki chache za mwanzo, na karibu wote huwa madume bila mtu kuhangaika na nasaba. Sato hukua haraka. Kwa nini basi kumtunza perege mweusi wa Wami? Kwa bwawa moja la maji baridi, lenye soko karibu, sina jibu la kumpinga. Achukue sato wa homoni na amalize. Lakini homoni hutaka kituo chenye umakini kila mzunguko, ilhali dume ZZ hubeba kazi hiyo ndani ya mwili wake. Tena yapo maji ambayo sato hayapendi. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, wamefuga katika maji ya chumvi chotara wa jike wa sato na dume wa urolepis, yaani kanuni ya Malacca ikirudi nyumbani. Watakapohitaji madume safi, hawatawaagiza Brazili. Watawatafuta kwenye mito hii.

Wengine watasema wataalamu wenyewe hawatulii: mossambica, kisha hornorum, kisha nususpishi ya urolepis. Kubadilika huko ni dalili ya jina linalopimwa. Mfugaji halazimiki kufuata kila badiliko. Anahitaji maneno mawili yasiyochanganywa, mathalani sato kwa mgeni na perege wa Wami kwa mwenyeji, na mbegu iuzwe pamoja na jina la mto ilikotoka. Kuwatofautisha si kazi ya maabara peke yake. Dume wa Wami anapotafuta jike huwa mweusi, na ukingo wa pezi la mgongoni huwa mwekundu, lakini rangi hiyo hufifia akishatolewa majini, kwa hiyo kwenye beseni la mchuuzi haisaidii sana. Hapo mtu atazame mkia. Mkia wa sato una mistari ya wima iliyopangana toka juu hadi chini; wa mwenyeji hauna mpangilio huo, umejaa magamba madogo, na ndiyo maana Norman alichagua urolepis, neno la Kigiriki lenye maana ya mkia wa magamba. Chotara anaweza kuwa na mistari iliyokatikakatika, na huyo ndiye asiyefaa kuwekwa mbegu.